Mkono wa Mkamwana na Kitanda cha Mchicha

Asubuhi nyumbani kwetu huanza na sauti mbili. Ya kwanza ni randa ya mwanangu, maana yeye ni seremala. Ya pili ni ndoo ya mkamwana wangu, akienda uani kumwagilia mboga.

Ua wetu ni mdogo, nyuma ya jiko. Udongo wake ni wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha, unanata mpaka unakuvua ndala. Jua likiwaka, unakuwa mgumu kama kigae. Tena sote tumeukanyaga miaka mingi tukienda kuanika nguo.

Hapo ndipo mkamwana wangu alipopanda mchicha. Ukaota, ukageuka njano, ukalala. Akapanda mara ya pili. Maji ya mvua yakasimama siku tatu, mizizi ikaoza. Akapanda mara ya tatu. Yakawa yale yale.

Jirani yetu, fundi cherehani, akachungulia juu ya ukuta. Tepu yake ya kupimia ilikuwa inaning'inia shingoni.

"Pole, shoga yangu. Lakini kuna watu wana mkono wa kuua. Wakigusa mmea, umekwisha. Wewe nunua sokoni tu."

Mkamwana wangu akacheka kwa adabu. Lakini mimi nilimwona alivyoificha mikono nyuma ya mgongo.

Neno lile halikuishia ukutani. Kesho yake lilikuwa mezani kwetu, tena kinywani mwa mwanangu!

"Mke wangu, tuache utani. Mkono wako hauna mboga. Nina mifuko ya saruji pale barazani. Nitaufunika ua mzima, nipate pa kuwekea mbao."

Mkamwana wangu akainamisha kichwa. Mimi kijiko kilinitoka.

"Mkono huo huo si ndio uliopika chakula unachokila?" nikamwuliza. "Mbona hujafa?"

"Mama, mimi nasema ninachokiona."

"Basi katafute macho mengine!"

Nilikasirika, sifichi. Mtu aitwe muuaji kwa ajili ya mchicha wa siku kumi! Na aliyemwita hivyo ni mumewe, anayelala naye kitanda kimoja.

Wiki ile bomba la jikoni likapasuka. Tukamwita fundi bomba. Watu wanamwita Koki, na nyuma ya nyumba yake pana mboga utadhani ni soko. Alipopita uani, buti lake likanasa kwenye tope.

"Shikamoo, Bibi. Huku mnafuga kambale?"

"Marahaba. Tunapanda mchicha, baba. Haukui. Wanasema ni mkono wa mkamwana wangu."

Koki akakunja uso.

"Mkono? Hata mimi ningepanda hapa, ungekufa. Mizizi inahitaji hewa, Bibi, kama wewe na mimi. Udongo huu umekanyagwa, umefunga. Maji yakiingia, hayana pa kutokea. Mmea unazama."

"Tufanye nini?"

"Msishindane na ardhi. Pandeni juu yake. Mtengenezeeni kitanda cha mbao, kimo cha shibiri mbili. Mkijaze udongo mzuri."

Simu yake ikalia. Bomba lingine lilikuwa limepasuka mtaa wa pili. Akaondoka mbio.

Mwanangu aliposikia neno kitanda, alitabasamu.

"Kitanda ndiyo kazi yangu. Nitatengeneza. Lakini mchicha ukifa tena, namwaga saruji."

Akatengeneza. Futi tano kwa sita! Pembe zimeshikana, mbao zimepigwa randa. Chini akaweka sakafu iliyobana, hata chungu asipite.

"Miguu sijaweka," akasema, "msije mkaniambia nimezidisha."

Tukajaza udongo. Mkamwana wangu akapanda. Kwa kuwa hakuweza kufika katikati, aliingia ndani kila alipong'oa magugu. Mvua ikanyesha. Baada ya wiki mbili, mchicha ukageuka njano.

"Niliwaambia," ikasema sauti ya ukutani.

Mwanangu akaanza kuchekecha mchanga wa kuchanganya na saruji. Mkamwana wangu akaja kuketi karibu yangu.

"Mama, labda ni kweli. Labda ni huu mkono wangu."

Neno hilo lilinichoma kuliko yote. Nikavaa ndala, nikaenda mwenyewe kumleta Koki.

Koki akachukua kijiti, akakidunga kwenye udongo wa kitanda. Ko!

"Chini kuna nini?"

"Sakafu," akajibu mwanangu kwa majivuno. "Bila sakafu udongo si utamwagika?"

"Utamwagikia wapi, fundi? Si uko juu ya ardhi?" Koki akashika kiuno akicheka. "Hiki si kitanda, ni beseni! Maji yamekaa humu yanaozesha mizizi."

Mimi sikucheka.

"Mwanangu," nikasema, "hebu nijibu. Ni mkono wa nani ulioua?"

Akakitazama kitanda chake.

"Tena ni kipana mno," Koki akaendelea. "Mtu akikiingia, anaushindilia udongo, mnarudi kule kule. Mke wa fundi, hebu simama hapa. Nyosha mkono."

Mkamwana wangu akasita. Kisha akanyosha.

"Vidole vyako vinapoishia ndipo katikati. Upande wa pili vivyo hivyo. Upana wa kitanda ni mikono yako miwili, basi. Asikanyage mtu ndani."

Mwanangu akang'oa sakafu. Kitanda kimoja kikawa viwili vyembamba. Akauliza kama apake oili chafu ya gari kuzuia mchwa.

"Unataka kula oili?" akauliza Koki. "Mbao za kitanda cha chakula ziache tupu."

Tukalegeza ardhi ya chini kwa jembe. Tukachanganya udongo na samadi iliyooza mpaka haina harufu, na majani makavu. Mkamwana wangu akapanda, akatandaza nyasi kavu juu. Koki alituonya kwamba kitanda cha juu hukauka upesi wakati wa jua. Kwa hiyo kila asubuhi mkamwana wangu alichomeka kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu, alimwagilia.

Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Ua ukawa bwawa, lakini vitanda vilisimama kama visiwa. Wiki ya nne tukachuma mchicha, majani mapana kama viganja. Hata mimi na magoti yangu haya, naketi kwenye kigoda, nang'oa magugu bila kuinama.

Mwanangu akamnong'oneza mkewe, "Nisamehe."

"Hapana!" nikasema. "Neno lililotangazwa halirudishwi kwa kunong'ona. Nenda ukutani."

Akaenda, mtu mzima na ndevu zake. Akasema kwa sauti:

"Mkono wa mke wangu haukuua kitu. Ni mimi niliyemtengenezea beseni!"

Saruji ilimwagwa, naam. Ilimwagwa njiani, kati ya vitanda, ili miguu ijue pa kupita.

Siku chache baadaye fundi cherehani alikuja mlangoni. Alitaka kutengenezewa kitanda kama chetu. Tukampeleka uani, akavua tepu shingoni.

"Mnapimaje?"

"Rudisha tepu yako," akasema mwanangu. "Nyosha mkono."

Jirani akaiangalia mikono yake, akaiangalia mboga, akairudisha mikono nyuma. Mimi nilikuwa na maneno mengi tayari, na yote yalikuwa makali.

Mkamwana wangu akanitangulia. Akaushika mkono wa jirani, akaunyosha taratibu juu ya ubao wa kitanda.

"Usiogope, shoga," akasema. "Mkono mzuri tu huu."