Rochelle Mchelewaji

Kila alfajiri, Rochelle Tulloch alitoka kwenye jengo letu akiwa amefunga tai ya shule, kipande cha mkate mkononi. Jengo hilo zamani lilikuwa ofisi za kampuni ya bima. Kampuni ilipohama, wajanja wakazigawa ofisi kwa mbao, wakaziita nyumba, na halmashauri za London zikatumwaga humo sisi tusio na makazi. Madirisha hayafunguki. Majirani zetu ni maghala na malori. Mwenye akili timamu asingefuga hata kuku humo.

Mwenye nyumba wao wa London alipoiuza, halmashauri yao ilimleta Rochelle na mama yake huku Essex, nje ya London, eti kwa muda mfupi. Muda huo mfupi ulikuwa umeshameza majira mawili ya baridi. Shule ilibaki kulekule London, basi mtoto akawa anapanda basi, halafu treni, halafu basi tena, na bado anachelewa.

Alipoulizwa sababu langoni, alijibu kwamba alipitiwa na usingizi. Angesema anaishi ofisini, Jade wa darasa lake na wenzake wangemcheka mpaka amalize shule.

"Mama Usingizi huyo!" Jade alimtania. "Kwenu hakuna wa kukuamsha?"

Rochelle alicheka naye. Kila alipochelewa alibakizwa baada ya masomo, akarudi Essex giza limeshaingia.

Mama yake aliomba wahamishiwe karibu na shule. Ofisa wa makazi, Bwana Lockyer, kijana wa suti ya kubana asiyejua hata jengo letu liko upande gani wa reli, akawaita. Alikuwa ameshaongea na shule.

"Mama, shule inasema binti anapenda kulala," alisema huku akitabasamu. "Hapo tatizo si umbali. Mnunulie saa ya kengele. Hili ombi naona tulifunge."

 Mama alimgeukia Rochelle, na Rochelle akatamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake alimfuata mwalimu wake wa darasa, Bi Siddall, akamweleza yote. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Alasiri hiyo aliongozana na Rochelle na mama yake kwa Bwana Lockyer.

"Wewe umewahi kupanda hiyo treni?" alimuuliza.

Bwana Lockyer alisema ameiona kwenye ramani.

"Basi kesho panda na huyu mtoto. Mkiwahi, nitakuomba radhi mwenyewe."

Hakupanda, bila shaka. Watu wa aina yake hawapandi. Lakini mkubwa wake alikuwa meza ya pili akisikia, akaona haya kwa niaba yake. Haukupita muda, kina Rochelle wakapewa vyumba viwili, mwendo mfupi kwa miguu kutoka shuleni. Kuta zina unyevu, ila jiko lipo.

Siku ya kuhama, Rochelle alimwomba mama yake msamaha kwa uongo wake. Mama akaweka sanduku chini.

"Sikiliza, mwanangu. Ulikuwa unaficha aibu isiyo yako. Wenye aibu ni wale waliotutupa humu. Kila ulipodanganya pale langoni, ulikuwa unamfanyia Lockyer kazi yake. Usimfanyie tena."