Pete ya Majaribio

Picha ya kwanza ilikuwa na kasoro ndogo tu, ya aina ambayo fundi mvivu huilaumu lenzi: pete haikuwepo.

Bonaventura aliikuza kwenye kioo cha kamera mpaka vidole vyake vikawa vinene kama magunzi. Pichani alikuwa amepiga goti kando ya Ziwa Basotu, mkono ameunyoosha mbele, na kiganjani hamna kitu. Akageukia kiganja chenyewe, kile cha nyama. Nacho kilikuwa kitupu, tena kimelowa, na yeye maji hakuyagusa.

Bonaventura alikuwa mpiga picha wa Katesh, na riziki yake ilitoka kwa wachumba. Kijana akitaka kumshtukiza binti kwa pete, humpigia simu Bona. Bona humchagulia mahali, saa na upande wa jua, kisha hujificha vichakani kama mwizi wa mbuzi. Ameona magoti mengi kuliko padri. Lakini binti hushtuka mara moja tu, hakuna wa kumwambia arudie kushtuka. Kwa hiyo kabla wenyewe hawajafika, Bona hufanya majaribio: anaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, anaitegesha ijipige, anapiga goti na pete ya shaba ya kuigizia, na maneno anayatamka yote, maana uso wa mtu anayesema si uso wa mtu aliyenyamaza.

Mahali pa binti, siku zote, alisimama Paskalina.

Paskalina alifundisha darasa la pili kule Gendabi. Walikuwa wapenzi mwaka wa sita, na kila Jumamosi alikuja kumshikia kile kitambaa cha duara, cha rangi ya fedha, kinachorushia watu mwanga usoni. Kwa hesabu ya majaribio, hakuna mwanamke wilaya nzima aliyewahi kuchumbiwa kama yeye.

"Utakubali nikuoe?" Bona angesema, macho yako kwenye kivuli cha pua yake.

"Nimekubali."

"Kidevu juu kidogo, Paska."

Miaka ya mwanzo alijibu huku akicheka. Baadaye alijibu kama mtoto anayeitikia jina lake asubuhi darasani.

Jumamosi ile ya Basotu, Paskalina alibaki shuleni kusahihisha mitihani. Bona akapiga goti peke yake. "Utakubali nikuoe?" akayauliza matete. Kamera ikalia. Upepo haukuwepo, lakini matete yakainama huku na huku, kama watu wanaompisha mtu.

Wachumba walipofika, Bona alipiga picha zake, akarudi dukani, akazifungua. Kijana alikuwa analia vizuri kabisa. Binti alikuwa hamtazami kijana. Katika picha zote arobaini alimtazama aliyeshika kamera.

Wiki iliyofuata duka lilianza kunuka tope, mchana kweupe, mlango wazi. Bona alimlaumu fundi bomba, akainua mikeka, hakuona bomba linalovuja. Kisha akaanza kusikia, kila alipoinama kwenye kompyuta, mtu anakamua nguo nyuma yake, tone, tone, bila haraka, kama mke aliyerudi kufua.

Akaogopa. Na kwa kuwa mwanaume akiogopa ndipo hukumbuka anachopenda, alinunua pete ya kweli, akapanda pikipiki hadi Gendabi, akamkuta Paskalina jikoni anachambua maharage. Akapiga goti palepale. Hakuangalia mwanga.

"Bona, leo kamera iko wapi?"

"Haipo. Paska, utaku..."

Neno halikutoka, yalitoka maji, ya baridi, ya kijani, yenye harufu ileile ya duka, yakamiminika kifuani mwake na kwenye ungo wa maharage na miguuni pa Paskalina, na kila alipojaribu kulianza tena yaliongezeka, yakaja na nyuzi za majani na konokono wadogo walio hai wakitambaa kwenye ulimi wake, mpaka akakaa chini amejishika shingo, macho yamemtoka kama mtu anayezama katikati ya jiko kavu la mwalimu.

Aliponyamaza, maji nayo yakanyamaza. Akaweza kusema "pole kwa maharage yako". Akaweza kusema chochote, isipokuwa lile.

Walimwendea Bibi Efrazia wa Nambis, mama mkunga mstaafu anayelima vitunguu saumu na ambaye watu humwendea kwa mambo ambayo zahanati haina kadi yake.

"Shikamoo, bibi," walisema pamoja.

"Marahaba. Huyu kijana ananuka ziwa. Ulimwambia nini?"

Bona akaeleza. Bibi aliendelea kumenya vitunguu.

"Wale wa maji hawajui majaribio," alisema. "Hapa kwetu, zamani, kijana hata hasemi mwenyewe. Wazee ndio wanabeba neno. Wanakwenda, wanakataliwa, wanarudi tena. Neno lenye wabebaji linajua linaingia mlango gani. Wewe umelirusha tu, likaokotwa."

"Basi tutume wazee kwa kina Paska, bibi."

"Wazee wakamposee mume wa mtu?"

Bona akacheka. Bibi hakucheka.

"Njia ni moja," bibi akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Aliyeambiwa kwanza ana haki. Huyu binti asimame palepale ulipopiga goti, ayaambie maji: alinitaka kabla yako. Ikiwa ni kweli, watakuachia. Ikiwa ni uongo, maji yatawabeba nyote wawili."

"Kaniambia mara mia, bibi," Paskalina alisema.

"Sijauliza kusema, mwanangu. Nauliza kumaanisha. Mara moja inatosha."

Walifika ziwani alasiri, jua likiwa zuri mno, jua ambalo Bona angelilipia. Ndege walikuwa wamenyamaza. Matete yalikuwa yameshainama, yameacha kijia chembamba kinachotoka majini hadi miguuni pao, na kwenye tope la kijia kulikuwa na nyayo, zote zikija upande wao.

Paskalina hakutazama nyayo.

"Nambie," alinong'ona. "Kabla ya siku ile. Kuna hata moja uliyomaanisha? Ukisema ipo, nitasema, sitauliza ni ipi."

Bona, ambaye hakuwahi kukosa jibu hata msibani, alizipitia zote. Ile ya mlimani Hanang, Paskalina katetemeka kwa baridi: alikuwa akitazama ukungu. Ile ya mashamba ya ngano, Paskalina kavaa gauni jipya: alikuwa akitazama ngano. Kila mara alikuwa amejiambia, ya kweli itakuja, mwanga ukikaa sawa. Ndiyo moja tu ilihitajika, na ulimi wake siku hiyo ulikuwa mkavu, huru.

Angeitoa. Lakini nyayo zilikuwa zimewafikia, na ambaye angezama kwa uongo huo hakuwa yeye peke yake.

"Hakuna, Paska."

Paskalina aliitikia kwa kichwa polepole, kama mwalimu aliyeshalijua jibu akasubiri tu mwanafunzi alifikie mwenyewe. Akakiweka chini kile kitambaa cha fedha alichokuja nacho kwa mazoea, akakiegemeza kwenye jiwe.

"Mimi nilimaanisha zote," alisema. Akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani, na maji hayakumfuata.

Mwaka uliofuata wazee walifika kwa kina Paskalina mchana, wakakataliwa, wakarudi, wakakubaliwa. Muolewaji alikuwa yeye na muoaji mwalimu mwenzake, Vitalis. Picha alipiga mtu wa Mbulu.

Bona bado anafanya kazi, na wachumba wanamsifu kuliko zamani. Hana tena msaidizi. Kile kitambaa hakukichukua. Kilibaki jiweni, na siku aliporudi kukitafuta hakikuwepo. Ila tazama picha zake zozote za sasa. Jua liko kulia, na upande wa kushoto wa nyuso zao, ambako hapasimami mtu, kuna mwanga mwingine, laini, wa kijani kidogo, ulioshikwa vizuri na mkono usiochoka. Na kabla wachumba hawajafika, wakati wa majaribio, Bona hapigi goti tena wala hasemi neno. Anasimama tu, anasubiri kuambiwa ainue kidevu.