Mawe ya Mnara wa Hirfryn

Bibi Morfydd alifungua mlango asubuhi, akakanyaga hewa, akaanguka na kuvunjika nyonga. Jiwe la kizingiti chake lilikuwa limeibwa.

Inspekta Gwenno Prosser alichuchumaa kwenye shimo. Lilikuwa jiwe la tatu kuibwa kijijini. Safari hii mwizi alikuwa amedondosha chokaa mbichi.

"Mwizi gani huyu, anaacha baiskeli anabeba jiwe?" alisema Konstebo Tudur.

Gwenno hakucheka. "Nani anajengea chokaa siku hizi?"

"Hakuna, afande. Sote saruji."

"Na mawe haya asili yake wapi?"

"Ngomeni, kule kilimani. Kijiji kizima kimejengwa kwa mawe ya huko."

Ni kweli, na aibu ni yetu wenyewe. Ngome ile ilijengwa na mwanamfalme wetu, Mwingereza akaizingira mara nyingi bila kuiteka. Mizinga ilikuja kubomoa lango tu. Walioimaliza ni babu zetu, kwa mikokoteni, kila mmoja akijijengea zizi. Mwaka jana ukuta wa mnara wake ulimwangukia mtoto, Nesta Bebb, akichuma maua.

Gwenno alipanda kilimani. Chini ya mnara, Idwal, baba yake Nesta, alikuwa amepiga magoti mbele ya mawe yaliyopangwa upya. Viganja vyake vilikuwa vimebabuka kwa chokaa.

"Bwana Idwal, Bibi Morfydd yuko hospitali. Kavunjika nyonga."

Mwiko ulimponyoka. "Yesu wangu! Sikutaka kumuumiza mtu."

"Ulitaka nini?"

"Kuziba. Ukuta usimwangukie mtoto mwingine. Wote walikuja mazishini, wakalia, wakarudi nyumbani kukanyaga mawe ya mnara huu."

"Ungewaomba."

"Niliwaomba, Inspekta. Wakasema majonzi yamenipanda kichwani."

Gwenno alitoa pingu, akayatazama tena mawe.

"Yaliyoripotiwa ni matatu. Hili la nne, kubwa, lenye masizi, umemwibia nani?"

Idwal alilipapasa kwa muda mrefu.

"Hilo langu. Nilianza nalo. Babu alilichomoa hapahapa, kwenye pembe iliyobeba ukuta ule uliomwangukia mwanangu. Lilikuwa nyumbani, mbele ya moto. Nesta alilikalia kila jioni, nikimkausha miguu."

Alilia kwa sauti. Gwenno alimngoja, kisha akamfunga pingu taratibu, asiguse viganja.