Kichwa Kilichopanda Basi

Jioni ile ya Jumatano nilitumwa kufagia basi. Mimi, mkalimani, niliyekaa shule ya serikali miaka sita nikakijua Kitaliano kuliko baadhi ya Waitaliano wenyewe, nilipewa ufagio. Sinyor, Mwitaliano mwenye msafara, alikuwa amelala hotelini Kismayu na homa yake, na kutoka kitandani akanituma kama mtwana: basi lisafishwe, wageni wanapanda meli Ijumaa, hataki kuona mchanga. Nilikasirika. Nataka mjue hilo tangu mwanzo, kwa sababu katika habari hii yote nilikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonifanya mjinga.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Waitaliano. Wageni walikuwa wanane, watu wa Norwe, nchi ya barafu. Tulikuwa tumewazungusha siku kumi na moja kutoka Mogadishu, na siku ya kumi, Jumanne, tukawafikisha kwetu, kisiwa cha Chula. Sasa zimebaki siku mbili na safari iishe, nami nimshukuru Mungu.

Nilianza kufagia kutoka kiti cha nyuma.

Mchanga ulikuwa umeloa.

Nikauokota nikaufinya. Maji yakachuruzika. Basi lilikuwa limeshinda barabarani tangu alfajiri, jua kali, vumbi mpaka kwenye meno... na mchanga ule ulikuwa kama umetoka baharini sasa hivi. Kisha harufu ikanifikia. Mafuta ya kasa. Nimekulia katika harufu hiyo, siwezi kuikosea.

Kruu... kruu...

Kitu kilikuwa kinakwaruza sakafu chini ya kiti. Polepole. Kinakwaruza, kinatulia, kinakwaruza tena. Nikainama nikaona mfuko wa turubai wa Mzee Halvor, mkubwa wa wale wageni. Nilipougusa, sauti ikakoma. Nikaufungua. Ndani, katika gazeti lililorowa, kilikuwamo kichwa cha kasa. Kikavu, cheupe, cha miaka mingi. Lakini matundu ya macho yalikuwa yamejaa maji.

Nilikijua kichwa kile. Kilitoka katika boma la baba yangu.

Lazima niwaeleze boma. Baba yangu, Mzee Fumo, alikuwa mvuvi wa kasa kama babake. Huvua kwa chazo, yule samaki mwenye kinyonyeo kichwani. Unamfunga kamba mkiani, unamwachia, anakwenda kumng'ang'ania kasa, nawe unavuta. Kila kasa aliyeliwa, kichwa chake hurudi ufukweni na kukalishwa juu ya jiwe lake, uso ukitazama bahari. Mawe yamepangwa duara. Humo ndimo wavuvi wanamotia marashi na kuomba kabla ya kuingia majini. Na tulifundishwa mambo mawili tangu tukiwa watoto. La kwanza, jiwe lisikae tupu. Kichwa kikivunjika, hakuna anayekwenda baharini mpaka kipatikane kingine, kwani bahari italijaza jiwe yenyewe, na haichagui. La pili, chochote kilichokalia jiwe ni cha jiwe. Hakiondolewi.

Mimi nilijifanya nimeyasahau. Sinyor alitaka wageni waone boma, nikawapeleka. Baba alinikataza, nikamwambia kwa ukali kwamba mshahara wangu ndio unaomlisha. Pale bomani Sinyor akaanza kucheka, akawaambia wageni kuwa watu wa visiwani huabudu mifupa, akanitazama mimi aone nitasema nini. Ndipo Mzee Halvor akaniuliza, kwa Kitaliano chake cha mabaharia, kama vichwa vile vina mwenyewe. Aliuliza kwa adabu. Nami kwa aibu, mbele ya Sinyor, nikajibu kuwa havina. Ni mifupa tu, nikasema.

Nilikuwa wa mwisho kutoka. Juu ya jiwe moja nikaona kofia nyekundu ya sufu, nikajisemea hawa wageni husahau kila kitu. Sikutazama chini yake kulikuwa na nini. Nikamrushia mdogo wangu Ishaq aliyekuwa akinisubiri nje. Akaivaa hapo hapo, na joto lile, akacheka. Akasema Alhamisi ataingia nayo baharini, mkewe Zaituni amtambue kutoka mbali.

Kwa hiyo pale ndani ya basi, kichwa mkononi, jambo lililonijia ni moja tu. Jiwe limekaa tupu tangu jana, na kesho Ishaq anaingia majini. Baba asingejua. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, huvihesabu vichwa kwa kuvipapasa kila Ijumaa tu. Na toka Kismayu hakuna njia ya kupeleka habari Chula isipokuwa kwenda mwenyewe.

Nikamfuata Mzee Halvor barazani pa hoteli kwa hasira. Nikakiweka kichwa magotini pake. Sikupaza sauti, Sinyor asisikie.

"Umemwibia baba yangu," nikamnong'oneza.

Mzee hakukasirika. Akakitazama kile kichwa, akanitazama mimi.

"Nilikuuliza," akasema. "Ukaniambia hakina mwenyewe."

Nikatazama mlango wa chumba cha Sinyor. Mzee akaendelea:

"Na sikuchukua bure. Nimevua nyangumi miaka thelathini. Kwetu, ukichukua kitu cha bahari unaacha kitu. Niliacha kofia yangu, pale pale juu ya jiwe. Aliifuma marehemu mke wangu."

Kofia. Kofia ilikuwa imekalia jiwe mahali pa kichwa. Ilikuwa ya jiwe. Nami niliiondoa kwa mkono wangu, nikamvisha mdogo wangu.

Usiku ule sikulala. Baada ya sala ya alfajiri nikamwendea dereva, Mohdhar, mtu wa Kismayu, nikamwomba tuliibe basi. Nilidhani atanifukuza. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba jana yote, njiani, alikisikia kitu kikikwaruza nyuma yake, akanyamaza asionekane mwoga. Akachukua funguo. Tulipofungua mlango wa basi tukamkuta Mzee Halvor amekwisha kaa kiti cha nyuma, mfuko magotini. Sikumkaribisha wala sikumshusha. Nilikuwa bado namchukia, kwa kuwa ilikuwa rahisi kumchukia yeye.

Tulikwenda mbio kadiri barabara ile mbovu ilivyoruhusu. Kila basi lilipozama mchangani nilishuka kusukuma nikitukana. Nilimtukana Sinyor, nikawatukana Waitaliano wote na barabara yao, nikamtukana Ishaq kwa kupenda vitu vya wazungu. Mohdhar aliendesha tu, midomo ikisoma dua.

Saa sita mchana maji ya injini yakachemka. Tukasimama porini, jua utosini, hakuna hata upepo. Mohdhar akashuka na debe, akazunguka nyuma ya basi. Hakurudi.

"Warya, Nasrudin," akaniita polepole nije kwake. "Ndoo uone."

Nikaenda. Nyuma yetu, katikati ya alama mbili za magurudumu, palikuwa na alama ya tatu. Pana. Tumbo lililoburutwa, na huku na huku mikono iliyochimba, mkono, mkono, mkono... Mtoto yeyote wa Chula anaijua. Ni njia anayopita kasa akipanda ufukweni kutaga.

Bahari ilikuwa mbali, mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Nilitazama nyuma mpaka macho yangu yalipoishia. Alama ilikuwako huko kote. Mzee Halvor akapiga magoti, akagusa mchanga, akalamba kidole.

"Chumvi," akasema.

Nikaifuata ile alama. Iliingia chini ya basi. Nikazunguka mbele, nikiomba Mungu iishie hapo chini.

Ilitokea mbele, ikashika barabara ya Chula, na mchanga wake ulikuwa bado mbichi. Haikuwa inatufuata tena. Ilikuwa imetutangulia.

Mohdhar akatia maji, tukaendelea mpaka ng'ambo ya kisiwa. Ilikuwa baada ya alasiri. Mtu mmoja akatuvusha kwa mtumbwi, wala hakunisalimu, nami nilimjua tangu utotoni. Ufukweni wanawake walikuwa wamesimama, Zaituni katikati yao, wamemshika mikono. Mtumbwi wa Ishaq ulikuwa umevutwa juu. Haukuwa na tundu wala ufa. Kasia lilikuwamo, na kamba imeviringwa vizuri, na mwisho wa kamba, ndani ya ndoo ya maji, chazo wake alikuwa mzima akicheza. Walikuta mtumbwi unaelea mahali penye maji ya kifuani. Bahari shwari. Mtu aliyezaliwa majini hafi katika maji ya kifuani.

Nikakitoa kile kichwa mfukoni mwa Mzee Halvor, nikakimbilia bomani nacho kifuani. Nilijiambia labda bado. Labda nikikirudisha...

Baba alikuwa ameketi mlangoni, fimbo mapajani.

"Usiingie," akasema.

"Baba, nimeleta kichwa. Kilichukuliwa. Nakirudisha mahali pake."

"Hakuna mahali, mwanangu. Nimepapasa yote. Yamejaa."

Nikatazama juu ya bega lake. Niliyahesabu mawe toka kushoto, nikafika lile nililolijua. Kofia nyekundu ilikuwa pale. Ilikuwa inachuruzika maji, na jiwe lote chini yake limelowa. Imetazama bahari kama wenzake.

Nayo haikuwa tupu.

Sikuona uso. Mwenyezi Mungu alinisitiri, ulikuwa umetazama upande wa pili. Niliona ukosi tu, na sikio moja. Sikio lile nililivuta mara ngapi tulipokuwa watoto.

Mzee Halvor alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa ameona, maana nilisikia pumzi yake imekatika. Baba akageuza uso kuelekea pumzi ile.

"Kuna mchu hapo. Ni yule mzungu?"

"Ndiye, baba."

"Nimeigusa ile sufu. Si kichu cha huku. Muulize. Nani aliyempa mwanangu kofia ile?"

Alinitazama kwa macho yake meupe, akingoja. Zaituni alikuwa amefika, na wanaume wanane au tisa nyuma yake, na wote walinitazama mimi, kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyekuwa na lugha zote mbili. Maneno yalikuwa mafupi. Ni mimi, baba. Hayakuhitaji hata kufasiriwa.

Nikamgeukia Mzee Halvor, nikamuuliza kwa Kitaliano:

"Kofia ile ni yako?"

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, machozi yakimtoka. Zaituni aliona, akapiga ukelele, na wale wanaume wakaona. Mmoja akamweleza baba kwamba mzungu amekiri.

Hawakumpiga. Walimtemea mate, mmoja mmoja, naye akasimama akapokea, akidhani labda ndiyo desturi yetu ya msiba. Nikamrudisha basini. Njia nzima hakuniuliza chochote, na Ijumaa akapanda meli kichwa wazi. Sinyor alinifukuza kazi kwa kuiba basi. Kofia na kilichokuwa ndani yake havikuguswa. Ni vya jiwe. Tulimsalia Ishaq bila maiti, hatua hamsini tu kutoka pale alipokuwa, na hakuna aliyethubutu kugeuza uso kutazama.

Baba alikufa miaka mitatu baadaye akimlaani mtu wa Norwe kila baada ya sala. Mimi nilikaa kando ya kitanda chake nikiitikia amina.

Kile kichwa ninacho. Nimekirudisha bomani mara nne na hakuna jiwe linalokipokea, yote yamejaa. Nimekitupa baharini. Kesho yake nilikikuta sebuleni, mchanga umeloa tangu mlangoni. Sasa kipo rafuni, na kila jioni nakigeuza kitazame bahari, kama nilivyofundishwa.

Kila asubuhi nakikuta kimegeuka kunitazama mimi, macho yamejaa maji. Jana nililala na kofia yangu kichwani, nilipoamka sikuiona. Ilikuwa rafuni. Ilikuwa imevishwa kile kichwa.