Makala Moja, Magazeti Mawili

Nikuulize, msomaji wangu: ukimwuzia mtu kuku asubuhi, jioni utamwuzia jirani kuku yuleyule? Huwezi. Lakini makala si kuku. Ukishaiuza bado unayo mkononi, na hapo ndipo mjukuu wangu alipojikwaa.

Tulimwita Kasuku kwa jinsi asivyonyamaza. Akirudi shule na kumaliza kuosha vyombo, hukaa kwenye kigoda jikoni akaandika, mimi nikichambua mchele. Aliandika kuhusu fundi viatu wa kona ya mtaa wetu, anayewashonea watoto mipira bure. Gazeti la wiki likainunua, itoke Jumamosi.

Alhamisi akaingia anarukaruka. "Bibi, na gazeti la kila siku wameikubali! Inatoka kesho!"

"Makala ileile?"

"Ileile. Kwani si yangu?"

"Na wale wa Jumamosi wanajua?"

Kasuku akaacha kurukaruka. Nikavaa viatu. "Twende."

Mhariri wa gazeti la wiki alikuwa mama mwenye miwani juu ya paji la uso. Ukurasa ulikuwa tayari kwenye kompyuta, fundi na sindano yake katikati. Kasuku akamwamkia, akaeleza yote.

"Ulituandikia kwamba haijatoka popote," mhariri akasema. "Ikitoka kesho kwingine, mimi nitawapa wasomaji kiporo. Nitaiondoa."

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Basi wapigie wenzetu. Hapa hapa."

Akapiga. Wale wa kila siku waliguna, wakamkaripia kidogo, wakaiondoa kwenye ukurasa wao.

Mhariri akashusha miwani. "Sikiliza, mwanangu. Makala ni mali yako. Unachotuuzia ni haki ya kuichapisha, na sisi tumenunua haki ya kuwa wa kwanza. Tukishaitoa, ipeleke kwingine, mradi uwaambie imeshatoka wapi. Ila wapo wanaonunua haki zote. Hao ukiwasainia, umeiaga. Kwa hiyo uliza kabla ya kukubali, na useme unachotaka. Wewe ulitaka nini hasa?"

Kasuku akanitazama mimi.

"Nyumbani hunyamazi hata ukila," nikamwambia, "leo vipi? Sema."

Akamgeukia mhariri. "Nilitaka isomwe na watu wengi. Halafu irudi kwangu, niiweke na nyingine nitakazoandika, siku moja ziwe kitabu."