Pampu Iliyobaki Rafuni

Ndugu zangu wa mtaa huu na wa mitaa mingine, aliyepita mbele ya geti lile Jumamosi asubuhi aliona nyumba iliyotulia. Mume ameinama juu ya gari lake na kitambaa, binti yao wa miaka kumi na mitatu anafuta vioo, na mke amekaa barazani anapanga koki na mipira ndani ya sanduku la zana. Redio inaimba kwa sauti ya chini. Ungesema amani imepanga chumba humo ndani.

Gari lenyewe lilikuwa la mbio, la zamani, jekundu, milango miwili, la kabureta, na umri wake ulizidi umri wa ndoa yao. Kwa jinsi mume alivyokuwa akiketi chini na kuushika usukani kama mtu anayetaka kupaa, watu walimwita Rubani. Kazini alikuwa karani wa mizani ya malori. Lori likizidi uzito hata kidogo, alilirudisha, na dereva alie mpaka akauke. Mkewe alikuwa fundi bomba, na mtaa mzima uliijua kazi ya mikono yake. Nyumba nyingi hapa maji yanatoka kwa sababu yake.

Siku moja gari lilikohoa kwenye mlima mdogo, likazimika. Mke alichomoa kijiti cha oili, akakinusa. Kilinuka petroli. Akamwonyesha mumewe pampu ya mafuta, ile ya chuma iliyofungwa ubavuni mwa injini. Ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachopanda na kushuka ili kuvuta petroli, na kiwambo hicho kilikuwa kimepasuka, petroli inavujia kwenye oili. Ilibidi itafutwe pampu nyingine. Hakuna ajabu hapo, kila chombo huchakaa. Ajabu ilianzia kwenye kuchagua.

Mke hakuwa mtu wa pupa. Alitoa kitabu cha gari kwenye kisanduku cha mbele, akasoma ukurasa baada ya ukurasa mpaka akakuta presha ambayo kabureta ile inaweza kuistahimili: isizidi paundi tatu na nusu. Jumamosi tatu alizunguka kwenye mabanda ya vyuma chakavu akitafuta pampu ya aina ileile. Alipoipata aliifungua, akaiwekea kiwambo kipya, akaijaribu kwa geji yake ya presha. Mshale ukasimama kwenye tatu. Akaifunga kwa kitambaa cha bluu na kuiweka rafuni, stoo.

Rubani aliitazama kama mtu aliyepewa viatu vya marehemu.

Alikuwa na rafiki yake, dalali wa vipuri, mtu wa maneno matamu. Dalali alikuja na pampu ya umeme iliyotolewa kwenye gari jipya la mbio, inang'aa kama kijiko cha wageni. Akasema gari la mbio linataka pampu ya mbio, na kwamba ile ya rafuni ni ya bibi wa kwenda sokoni. Pampu ile ya umeme ilisukuma zaidi ya paundi arobaini, kwa kuwa imetengenezwa kwa magari yanayorushiwa petroli kwa nguvu. Kabureta hairushiwi. Inataka kujazwa polepole. Dalali aliyajua hayo au hakuyajua, siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba hakuuliza.

Mke alijaribu kueleza. Alisema ndani ya kabureta mna boya, kama lile la tangi la choo. Petroli ikifika kimo, boya hupanda na kuufunga mlango kwa sindano ndogo. Ukisukuma kupita kiasi, sindano inashindwa, petroli inafurika juu ya injini ya moto. Mume alipokunja uso, alimshika mkono akampeleka chooni, akaunga pampu yake kubwa ya kazini kwenye tangi na kuiwasha. Boya likapanda, likatetemeka, likashindwa. Maji yakamwagika mpaka kwenye soksi za Rubani.

"Umeona?" mke akamwuliza.

"Nimeona choo," akasema Rubani. "Gari si choo, mama."

"Wewe ni mtu wa mizani. Lori likizidi kidogo unalirudisha. Pampu hii imezidi mara kumi, na atakayepanda ni mtoto wetu."

Rubani alizitazama soksi zake. Nadhani pale alikaribia kusikia. Lakini nje Dalali alikuwa akisubiri na wenzake wawili, na hadithi ya soksi ilipowafikia walicheka wakashika mbavu. Wiki nzima Rubani hakupita dukani bila kuulizwa choo chake kinakwenda mwendo gani. Mtu anaweza kuvumilia njaa, asivumilie kuchekwa kwa sababu ya mke. Pampu ya umeme ikafungwa garini.

Mke akaomba basi angalau iwekwe swichi ya kuikata pampu injini inapozimika, na kidhibiti cha kupunguza presha. Dalali akamjibu kwamba shemeji anataka kumfunga simba kamba ya mbuzi. Rubani akacheka. Hilo la kucheka ndilo mke alilolishika moyoni kuliko yote, kwa kuwa alicheka huku akimtazama.

Gari liliwaka, likanguruma, likatoa moshi mweusi. Wakasema hiyo ndiyo nguvu. Lilinuka petroli hata likiwa limezimwa. Wakasema gari la kiume hunuka. Mke akamkataza binti kupanda. Baba akampandisha.

Jumapili ya pili, kabla ya saa sita mchana, baba na binti walikuwa wakirudi kutoka kwa bibi. Walipofika getini gari likatetemeka, likazimika. Mke alikuwa uani, anakaza bomba la maji. Injini ilinyamaza, lakini alisikia kitu kingine kikivuma: pampu. Katika kazi yake aliijua sauti hiyo, pampu inayosukuma huku hakuna anayepokea. Akaangusha spana, akakimbia.

Chuma cha kuegemeza boneti kilikuwa kimevunjika tangu zamani, kwa hiyo Rubani alimwambia binti ashuke aishikilie boneti juu injini ipate hewa, wakati yeye anawasha tena. Mtoto akaishika kwa mikono miwili. Akaona petroli ikitiririka kutoka kwenye kabureta.

"Baba, inamwagika."

"Usianze kuwa kama mama yako. Shikilia."

"Baba, inamwagika kweli."

Akazungusha ufunguo.

Moto haukusubiri. Ulitoka chini ya boneti kama pumzi, ukaishika mikono ya mtoto. Mama alifika, akamkumbatia, akamburuta mpaka uani na kuitia mikono yake chini ya bomba lilelile alilokuwa akilikaza, akaiacha humo, maji yakapita, yakapita. Majirani walimwaga mchanga. Rubani alisimama getini na ufunguo mkononi. Gari liliungua mpaka likabaki mbavu.

Mtoto alikaa hospitali wiki sita. Alinusurika, tunashukuru. Mkono wa kushoto ulipona. Wa kulia, ule wa kuandikia, vidole vitatu vilishikana, na daktari alisema havitanyooka tena kama zamani.

Aliporudi nyumbani, rafiki za baba walikuja kutoa pole. Walikaa sebuleni wameinamisha vichwa. Binti alikuwa mezani, anajifunza kuandika kwa kushoto, herufi zinaanguka kama watoto wanaojifunza kutembea. Dalali akakohoa, akasema kwa upole:

"Tumshukuru Mungu, shemeji. Ajali haina kinga."

Mke aliinuka akatoka. Wakadhani ameenda kulia. Alirudi na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha bluu, akakiweka katikati ya meza ndogo, mbele ya magoti yao, akakifungua. Pampu ile ya chuma, safi, na kiwambo chake kipya.

"Ajali haina kinga," akasema. "Hii yetu ilikuwa nayo. Kinga yake ni hii hapa. Ilikuwa rafuni siku zote, hatua ishirini kutoka kwenye gari. Usimtwike Mungu, shemeji. Mungu hakuchagua pampu."

Hakupaza sauti. Hakuna aliyethubutu kuinua kikombe. Dalali alimtazama Rubani, akingoja amkemee mkewe kama ilivyo desturi ya wanaume waliobanwa.

Rubani aliigusa pampu kwa kidole. Kisha akasema, "Alinionyesha. Maji yalinimwagikia miguuni. Niliona, nikaogopa kuchekwa na nyinyi."

Dalali akatafuta kofia yake. Alipofika mlangoni mke alimwambia arudi. Akampa pampu mkononi, akamwambia aende akamwonyeshe kila mtu aliyemsimulia kile kisa cha choo, mmoja mmoja, na amweleze kila mmoja mwisho wake. Dalali aliibeba. Alirudi nayo jioni, uso umemshuka, akaiweka barazani.

FUNZO

Kwanza jambo dogo: chombo huchaguliwa kwa kipimo chake, hakichaguliwi kwa sifa. Gari la kabureta lipewe pampu ya kabureta, na asiyejua kipimo aulize kabla hajafunga hata skrubu moja. Nguvu iliyozidi kiasi chake ni hasara.

La pili ni zito zaidi. Nyumba ile haikuunguzwa na petroli peke yake, iliunguzwa na dharau. Mjuzi alikuwa chumba kimoja na mume, akila naye sahani moja, lakini neno lake likapimwa kwa mizani ya nani kalisema. Mwanamume aliyewarudisha madereva kwa gunia moja la ziada alishindwa kujirudisha mwenyewe. Enyi waume, na enyi wake pia, anayekuonya nyumbani hakushindi, anakukinga.

La mwisho linatuhusu sisi. Rubani alichekwa na mtaa, na mtaa ni sisi. Wengi wetu tuliuliza choo chake kinakwenda mwendo gani. Tukimwona binti yule akiandika kwa mkono wa kushoto, tusiulize ni nani aliyezungusha ufunguo. Sote tuliushika.