Mchumba wa Kiti cha Pembeni

Kiti cha pembeni kilikuwa cha moto, na hakuna aliyekikalia tangu asubuhi. Shangazi, mwenye kibanda cha kushona nguo za harusi, alidhani ni jua, kisha akakumbuka upande ule hauna dirisha. Akasonya, akarudi kwenye cherehani yake. Kuna watu hata waonyeshwe shari kwa kidole, watauliza iko wapi.

Pale kazini walikuwa na mtindo wao. Wawili wakishona, wa tatu husoma riwaya ya mapenzi kwa sauti, na jina la msichana wa kitabuni huondolewa likawekwa la msomaji, wapate kumcheka vizuri. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Kasuku, binti wa kaka yake Shangazi, aliyekuwa aolewe na seremala Jumamosi. Gauni lake alikuwa akilishona Bi Vifungo, fundi mzee asiyeacha kupoteza vifungo.

Riwaya ilikuwa tamu, nyie! Bwana harusi tajiri amesimama, wageni wamejaa, mara bibi harusi anampita, anakwenda moja kwa moja kwa kijana aliyekaa kimya pembeni tangu ukurasa wa kwanza, asiyesemeshwa na mtu.

"Wewe uliyekaa kimya pembeni," Kasuku alisoma, sauti ikimtetemeka kweli, "mimi Kasuku nimekukubali uwe mume wangu."

"Weee!" Bi Vifungo aliutupa mkasi. "Hilo sikulitegemea! Hebu rudia, mwanangu!"

Akarudia. Shangazi, machozi ya raha yakimtoka, akataka tena.

"Na sisi ndio mashahidi!" akasema akicheka.

Kule pembeni kiti kikatoa mlio, kama vile mtu mzito anainuka. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, na vicheko vikakatika.

Wakati huohuo seremala akaingia kupimwa koti lake. Shangazi, kwa kutojua la kufanya, akafanya la kila siku, akamzungushia shingoni utepe wa kupimia, na utepe ukajikaza wenyewe, ukazidi kujikaza hadi macho yakamtoka, Bi Vifungo akiuvuta kwa mikono miwili, Kasuku akiukata kwa mkasi uliogoma kukata, huku sauti nzito isiyo na mwenyewe ikiwaambia wote watatu, masikioni kabisa, kwamba mke wake hashonewi gauni la kuolewa na mwanamume mwingine. Utepe ulipolegea, seremala alianguka sakafuni, akabaki anakoroma.

Mganga wa mtaa wa nyuma, mama mkavu wa maneno, aliitwa mbiombio. Alikitazama kile kiti, kisha akawageukia kwa hasira.

"Mmemwozesha huyu binti. Na mkajiita mashahidi!"

"Ilikuwa hadithi tu," Shangazi alinong'ona.

"Jini wa kiti hiki hajui hadithi. Anajua ameitwa, akakubaliwa. Haya, kaneni ushahidi wenu, mmoja mmoja."

Shangazi akakana. Bi Vifungo naye akakana. Kila mmoja alipokana, kiti kilisogea nyuma kidogo, hadi kikagusa ukuta.

"Sasa wewe, binti. Mwambie hukumaanisha. Lakini usimdanganye, maana atajua, na atakayekufa ni huyu hapa chini."

Kasuku alimtazama seremala. Alimpenda, Mungu anajua. Lakini alipokuwa akisoma maneno yale, kwa pumzi ile moja, moyo wake ulikuwa umemwendea kijana wa pembeni mzimamzima, kama unavyokwenda moyo wa kila msomaji anayependa kitabu. Alitamani mno kusema uongo.

"Nilimaanisha," akasema polepole.

Bi Vifungo akapiga yowe. Seremala akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho, rangi ikamrudia usoni. Kasuku alikuwa amepiga magoti mbele yake, mkono wake ameukumbatia, analia. Seremala akainua kichwa, akatazama huku na huku chumbani, macho yakimpita Kasuku kana kwamba hapo hapana mtu.

"Shangazi," akauliza, "mchumba wangu yuko wapi?"